Nalia bila sababu na natafuna udongo: je, ni chakula?

"Shikamoo mama. Nina miaka 28, nauza kwenye duka la vitenge Kariakoo, nakaa Mbagala. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kula. Saa tatu nakunywa chai ya rangi nzito, sukari vijiko vitatu, na maandazi mawili. Mchana wali maharage na chai tena. Usiku nikifika nimechoka, nanunua chipsi mayai na soda. Tangu mwaka jana nimebadilika. Nalia bila sababu, nawakaripia wateja, mtoto wangu wa miaka miwili akiniita naona kero, halafu najilaumu usiku kucha. Nikipanda ngazi za dukani moyo unadunda. Tangu niweke kitanzi baada ya kujifungua, siku zangu zinakwenda mpaka siku nane. Naona aibu kusema, lakini natafuna udongo kila siku. Rafiki yangu kanionyesha video inayosema huzuni ni upungufu wa serotonini, nile ndizi na chokoleti, na kuna vidonge vya virutubisho vya shilingi 85,000. Shangazi anasema ni mawazo tu. Je, ni kweli chakula kinaweza kumgeuza mtu hivi? Ninunue hivyo vidonge?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama kwenye ile sentensi ya udongo. Wewe umeichomeka pale kwa aibu, katikati ya mambo mengine, lakini mimi naona ndiyo mlango wa kuingilia. Nitaifikia. Kwanza nikujibu ulichouliza.

Vidonge usinunue. Hiyo 85,000 iweke, utaihitaji kwa vipimo. Na shangazi yako, kwa heshima zote, hapa amekosea. Mawazo yanaumiza kweli, lakini mawazo peke yake hayamtumi mtu kutafuna udongo kila siku.

Na ndiyo, chakula kinaweza kumgeuza mtu. Kuanzia Novemba 1944, vita kuu ya pili ikiendelea, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwafuatilia vijana wa kiume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili. Kwa miezi sita hivi walipunguziwa chakula hadi karibu nusu ya walichozoea. Vijana wale waliokuwa wachangamfu wakawa wakali, wakagombana kwa vitu vidogo, wakajitenga, wakapoteza hamu ya mapenzi, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi usiku kama vile ni barua za wachumba wao. Kilichobadilika ni chakula. Walikuwa na njaa. Na waliporudishiwa chakula, moyo ulichukua muda mrefu kutulia.

Mfano wa pili uko jirani zetu. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa makambini Malawi walikatikiwa na mgao wa karanga, wakabaki na mahindi. Zaidi ya watu 18,000 wakapata pelagra. Ngozi hubabuka kama iliyoungua jua, tumbo huharisha, na akili nayo huguswa: hasira, huzuni, usahaulifu, na ukiachwa mwisho wake ni kuchanganyikiwa. Kilichokosekana ni niasini, yaani vitamini B3, ambayo karanga zinayo kwa wingi na mahindi yasiyoandaliwa vizuri hayaitoi. Mgonjwa wa pelagra akipewa niasini, akili huanza kurudi ndani ya siku chache.

Angalia vizuri hiyo mifano. Kote kuwili kuna kitu ubongo ulikikosa, na kiliporudi mtu akarudi. Hakuna aliyepewa chakula cha furaha. Kwa hiyo swali ambalo ningependa ujiulize ni hili: mimi nimepungukiwa nini?

Sasa hiyo serotonini. Ni kemikali ambayo chembe za neva hupashana nayo habari, na ni kweli inahusika na usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili wako iko tumboni, kwenye ukuta wa utumbo, ambako kazi yake kubwa ni kusukuma chakula. Ndizi inayo kweli. Tatizo ni kwamba serotonini ya ndizi haiingii kwenye ubongo. Mishipa midogo ya damu ya ubongo imejengwa kwa kubanana, ina milango maalumu, na serotonini haina mlango wake pale. Kinachopita ni malighafi yake, triptofani, inayopatikana kwenye mayai, samaki, kuku, maharage, karanga na mbegu za maboga. Ubongo huichukua na kujitengenezea serotonini yake wenyewe.

Na hiyo triptofani nayo haipiti kwa raha. Mlango mmoja unagombewa na ndugu zake wengi kutoka kwenye protini ileile, kama mlango wa gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni, na triptofani ndiyo yenye idadi ndogo kuliko wote. Ukila protini zaidi unaongeza triptofani, lakini na wanaosukumana nayo unawaongeza. Ndiyo maana hakuna sahani utakayokula leo ukaamka kesho una furaha. Chokoleti kula ukipenda, ni tamu, basi.

Ile kauli nyingine, kwamba huzuni ni serotonini kupungua, ina matatizo zaidi. Mwaka 2022 kundi la watafiti lililoongozwa na Joanna Moncrieff wa London lilipitia tafiti za miongo mingi na halikupata ushahidi wa kutegemewa kwamba wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyozidi, wana serotonini pungufu. Wataalamu bado wanabishana juu ya uchambuzi huo, ila wengi tulishaacha zamani kuieleza sonona kwa sentensi moja namna hiyo. Hili halina maana kwamba dawa za sonona ni bure. Zinawasaidia watu wengi, na kama kuna anayezitumia anasoma hapa, asiache bila kuzungumza na daktari wake.

Tuje kwenye siku yako. Tuseme chipsi unakula saa tatu usiku, kitu kingine kinaingia tumboni saa tatu asubuhi. Hizo ni saa kumi na mbili, na ndani yake umeamka, umemhudumia mtoto, umesimama kwenye gari, umefungua duka. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote, na haupumziki hata ukilala. Halafu unaupelekea chai ya vijiko vitatu na maandazi ya unga mweupe. Sukari inapanda haraka, mwili unamwaga insulini kuiondoa kwenye damu, na baada ya saa moja na nusu au mbili inateremka tena. Kwa mtu asiye na kisukari haifiki kwenye hatari, lakini kwa baadhi ya watu kule kuteremka tu kunatosha: mwili unajibu kwa adrenalini, mikono inakosa utulivu, jasho jembamba, moyo mbio, na uvumilivu unakwisha. Nakisia wateja unaowakaripia zaidi ni wa saa tano.

Watu wengi wanaamini sukari inachangamsha. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti 31 haukuona uchangamfu huo. Ulichoona ni uchovu zaidi ndani ya nusu saa na umakini kupungua ndani ya saa moja. Majani ya chai ndiyo yanayokuchangamsha, kwa kafeini, na kafeini haikupi nguvu, inauziba tu ubongo masikio usisikie kwamba umechoka. Saa tano hivi baada ya kunywa, nusu yake bado imo mwilini. Kama soda yako ya usiku ni kola, nayo ina kafeini, ndipo usingizi unapoanza kusumbua.

Lakini hayo yote, mwanangu, ni ya pembeni. Sasa udongo.

Wanawake wenye hali kama yako nawaona mara kwa mara. Anakuja kulalamika usingizi, kizunguzungu, hasira. Nikimuuliza kama anakula udongo anacheka kwanza, anamtazama aliyekuja naye, kisha anafungua pochi. Upo pale kwenye kipande cha nailoni, vipande virefu vya kijivu, vinanukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Wengine si udongo, ni barafu au mchele mbichi. Wapo wanaokula kwa mazoea tu, hasa wajawazito. Ila mwanamke asiye mjamzito anayeutamani kila siku, mimi nawaza madini ya chuma mpaka kipimo kinikatalie. Kwa nini mwili uliokosa chuma utamani udongo, sayansi haijapata jibu kamili. Kwamba viwili hivyo huandamana, hilo limeonekana sana.

Chuma tunakijua kwa kazi ya damu. Ndicho kilicho katikati ya himoglobini, inayobeba oksijeni. Kikipungua, moyo unalazimika kupiga haraka kufidia, ndizo ngazi zako hizo. Lakini chuma kina kazi nyingine ambayo husikii ikisemwa. Ndani ya ubongo, kimeng'enya, yaani fundi wa kikemia, kinachoanza kuigeuza triptofani kuwa serotonini hakifanyi kazi bila chuma. Na kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini, kemikali ya hamu na msukumo wa kufanya jambo, nacho vilevile. Kwa hiyo video ya rafiki yako ilipita karibu na ukweli ikaukosa. Unaweza kuleta mbao nyingi kiwandani, lakini kama fundi hana nyundo hutapata kiti.

Kuna jambo watu hulipuuza. Chuma huisha kwenye ghala la mwili, akiba yake, kabla damu haijashuka. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Unaweza kupimwa ukakutwa na 12.3, ukaambiwa "damu ipo", ukarudi nyumbani na uchovu wako, kumbe ghala ni tupu. Ghala hupimwa kwa kipimo kingine kinachoitwa feritini. Na usijione wa peke yako: utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta karibu asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu.

Hesabu yako inanitia wasiwasi. Mwanamke hupoteza kwa kawaida mililita 30 hadi 40 za damu kwa mwezi, na zikizidi 80 tunasema ni nyingi. Kila mililita ya damu inaondoka na karibu nusu miligramu ya chuma, kwa hiyo mililita 80 ni miligramu 40 za chuma. Mwili hufyonza kutoka kwenye chakula miligramu 1 hadi 2 kwa siku, na nyingi ya hizo zinakwenda kufidia matumizi ya kawaida. Wewe umetoka kwenye mimba iliyochota kwenye ghala, ukanyonyesha, ukaweka kitanzi. Kitanzi cha shaba kinajulikana kwa kuongeza damu ya hedhi. Ni njia nzuri ya uzazi wa mpango, sikuambii ukakitoe. Nakuambia umweleze mhudumu aliyekuwekea, kwa sababu zipo njia nyingine, pamoja na kitanzi cha homoni kinachopunguza damu badala ya kuiongeza. Na apime pia kama hakuna uvimbe kwenye mfuko wa uzazi.

Upande wa kuingiza nao una tundu. Maharage yana chuma, lakini ni chuma cha mimea, ambacho ni kigumu kufyonzwa, na chai ya rangi ikiwa mezani pamoja nayo inakikamata kikapita moja kwa moja. Ukali ule unaousikia ulimini kwenye chai nzito ndio wenyewe. Chai na mlo mmoja inaweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Na udongo, ambao huenda mwili unautamani kwa kukosa chuma, nao unakikamata chuma tumboni. Unaweza pia kuleta mayai ya minyoo, na mwingine umekutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Minyoo ya safura hunyonya damu kidogo kidogo bila kelele. Unaona jinsi jambo linavyojizungusha.

Basi ufanye nini jikoni? Usiache chai, sogeza tu: inywe angalau saa moja baada ya kula, na uifanye nyepesi. Kwenye maharage weka kachumbari yenye limau, au kula chungwa au pera palepale. Vitamini C inafungua chuma cha mimea, lakini lazima vikutane kwenye mlo mmoja. Dagaa weka mara tatu au nne kwa wiki. Unamla mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo unapata chuma kinachofyonzwa vizuri, zinki, kalisi, vitamini B12 na mafuta ya omega 3 kwa pamoja. Maini mara moja kwa wiki kama si mjamzito. Asubuhi usitoke mikono mitupu. Chemsha mayai na viazi vitamu usiku ukiwa unapumzika, yai moja na kiazi kimoja unakula hata ukiwa kituoni. Uji wa ulezi wenye karanga kwenye chupa ya chai ni bora zaidi. Juisi za bitiruti na rozela kunywa kwa ladha, wekundu wake si damu.

Nikuambie ukweli wote kuhusu ushahidi, maana unauziwa vitu. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake Australia walichapisha utafiti wa watu 67 wenye sonona, wengi wao tayari wakiwa kwenye matibabu. Kundi moja lilisaidiwa na mtaalamu wa lishe kubadili chakula kwa wiki 12: samaki, mboga, matunda, jamii ya maharage, karanga, nafaka zisizokobolewa, soda na vya kukaanga vikapunguzwa. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza naye. Asilimia 32 ya kundi la chakula walitoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8. Ni matokeo mazuri, lakini watu ni wachache, na kila mmoja alijua yuko kundi gani, jambo linaloweza kupandisha matumaini. Mwaka 2019 ukaja utafiti mkubwa wa Ulaya, watu 1,025 wenye uzito uliozidi na dalili za awali za huzuni, nusu yao wakipewa vidonge vya virutubisho mchanganyiko kwa mwaka mzima. Vidonge havikuzuia sonona. Kwa hiyo mlo mzima una dalili za kusaidia, chupa ya vidonge vya kila kitu haina. Na orodha ya Jacka kwa hapa kwetu ni hii: dagaa, kunde, choroko, mchicha, matembele, karanga, ugali wa dona. Vyote unavipita kila siku ukitoka Kariakoo.

Ila ghala likiwa limekwisha kabisa, dagaa peke yake watachukua muda mrefu mno kulijaza. Hapo ndipo vidonge vya chuma vinapohitajika, vile ambavyo wajawazito hupewa kliniki kwa jina la fefo, na vitatolewa baada ya kipimo. Usijianzishie, kwa sababu kuna watu, wakiwemo baadhi ya wenye selimundu, ambao chuma huwajaa mwilini. Ukipewa, meza mbali na chai na maziwa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Tumbo likikataa, mwambie daktari: kumeza siku moja na kuruka moja kunawasaidia wengi, na mwili unafyonza vizuri. Dozi hiyo huendelea kama miezi mitatu hata baada ya damu kupanda, ili ghala nalo lijae. Na nakuomba sana hili: vifungie mahali mtoto hafiki. Kwa mtoto wa miaka miwili vidonge vichache vya chuma ni sumu inayoweza kuua.

Nenda kituo cha afya wiki hii. Omba picha kamili ya damu, feritini, kipimo cha choo, kipimo cha mimba, na kama inawezekana homoni ya tezi ya shingo, kwa kuwa ikilegea nayo huleta uchovu na huzuni. Taja udongo kwa mdomo wako. Ukisema "nimechoka" tu, utapewa panadol.

Bado naacha nafasi ya kwamba nimekosea, au nimepata nusu. Hukuniambia lolote kuhusu nyumbani, baba wa mtoto, kodi, wala unalala saa ngapi. Huzuni ya zaidi ya wiki mbili, kutofurahia chochote, kujilaumu usiku kucha, hizo ni dalili za sonona, na sonona inaweza kukaa pamoja na upungufu wa chuma kwenye mwili mmoja. Tena sonona yenyewe inamfanya mtu ashindwe kupika, akaishia kwenye chipsi. Kwa hiyo hapohapo kituoni mweleze daktari kuhusu machozi pia, usisubiri majibu ya damu. Wiki nne za matibabu zikipita moyo haujabadilika, omba rufaa kwa daktari wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma hiyo, na Muhimbili ina idara yake.

Yapo mambo ambayo hayangoji wiki wala wiki nne. Ukianza kuwaza kufa, au kujidhuru, au kumdhuru mtoto, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, usibaki peke yako, na mwende hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Vivyo hivyo ukizimia, ukihema ukiwa umekaa tu, au ukilowanisha pedi nzima kila saa.

Kama ni chuma, usitegemee kila kitu kurudi kwa pamoja. Himoglobini huonekana kupanda kwenye kipimo baada ya wiki mbili hadi nne. Ngazi zitakuwa nyepesi kabla hujawa mvumilivu kwa wateja. Udongo mara nyingi ndio hutangulia kuondoka, wakati mwingine ndani ya siku chache, damu ikiwa bado haijapanda. Siku utakayompita yule mama anayekuuzia, ukafika nyumbani ndipo ukakumbuka kwamba hukununua, niandikie uniambie.